Shikamoo ya Raundi ya Pili

Bondia mwepesi kuliko wote niliowafundisha aliangushwa na salamu. Mikono yake ilikuwa juu, macho yake yalikuwa mahali pake, na mwenzake alikuwa ameshaanza kuchoka. Kisha mzee mmoja akaingia mlangoni. Bondia wangu akashusha mikono yote miwili, akasema, "Shikamoo," na ngumi ya pembeni ikamkuta hapo hapo. Nimefundisha ngumi mkoani Singida kwa miaka zaidi ya thelathini, na sehemu kubwa ya ninachokijua nilianza kukielewa siku ile.

Lakini nianze nilikoanzia mwenyewe.

Siku yangu ya kwanza katika klabu ya mjini sikugusa glovu. Kiongozi wa klabu alikuwa askari mstaafu ambaye sote tulimwita Sajini. Alinikalisha kwenye benchi, akanipa daftari na kalamu.

"Leo unatazama," alisema. "Kila ngumi inayoingia, andika imeingiaje. Usiniandikie kwamba fulani kapigwa. Hilo hata mpita njia analiona."

Niliandika kurasa nne. Alizisoma zote akiwa amesimama, akanirudishia. "Kesho njoo tena. Na uache kuandika sifa."

Tabia ya daftari ilibaki. Nilipoajiriwa kuwa mwalimu wa shule ya msingi nikapelekwa Mitundu, nililibeba. Asubuhi nilifundisha hesabu, jioni nikafundisha ngumi nyuma ya madarasa, na begi la kupigia tulilishona kwa turubai tukalijaza pumba. Baadaye nilihamishiwa Kinampanda, ambako mwalimu mkuu hakupenda ngumi hata kidogo, ila alikuja kutazama kila Ijumaa. Mwishowe nikarudi mjini. Sajini alikuwa amezeeka, akaniachia klabu.

Pamoja na klabu aliniachia imani yake. "Ngumi ni akili," alizoea kusema. "Asiyefikiri ni begi lenye miguu." Kwa hiyo nilifundisha kwa namba kama alivyonifundisha yeye. Moja ni ngumi fupi ya mkono wa mbele, ya kumpima mtu umbali. Mbili ni ile nzito ya mkono wa nyuma. Tatu ni ya pembeni, inayozunguka na kutafuta taya. Katika sparingi, yaani kupigana kwa mazoezi mkiwa na glovu nene na kofia za kukinga kichwa, nilisimama kando ya kamba na kupiga kelele: moja, moja, mbili, toka!

Vijana wangu walikuwa watiifu, na walikuwa wanachelewa. Nilipofungua madaftari ya miaka hiyo niliona maneno yaleyale yamejirudia: anajua cha kufanya, anafikiri, anapigwa. Nililiona tatizo kwa miaka mingi bila kulielewa. Nilidhani hawafikiri kwa haraka ya kutosha, nikazidisha kelele.

Msengi alitoka Kinyangiri. Alikuwa na miaka ishirini, akifanya kazi kwenye mashine ya kukamua alizeti, na kila jioni alikuja mazoezini akinuka mafuta. Mama yake alikuwa amempa msimu mmoja tu. Akichaguliwa timu ya mkoa, angeendelea na ngumi. Asipochaguliwa, angerudi nyumbani kwenye ng'ombe, maana baba hakuwapo tena. Msengi aliliona hilo kuwa haki, na hakulalamika. Alifanya mazoezi tu, kuliko mtu yeyote.

Mwenzake wa sparingi alikuwa Rajabu, mtoto wa wafanyabiashara wa vitambaa pale mjini, mwenye mkono mzuri na mdomo usiopumzika. "Msengi, leo umenipaka mafuta mpaka puani," angesema. "Nikirudi nyumbani watanikaanga."

Siku ya uteuzi tulikuwa ndani ya ghala tulilotumia wakati halina magunia. Aliyechagua timu alikuwa mzee mwenye ndevu nyeupe, tuliyemwita Mteuzi. Alichelewa. Nikawaanzisha vijana bila yeye, na raundi ya kwanza Msengi aliishinda. Katikati ya raundi ya pili mlango ukafunguka nyuma ya Rajabu, Mteuzi akaingia. Yaliyofuata nimeshayaeleza, isipokuwa hili: Msengi alipokuwa chini, Rajabu aliinama juu yake akasema, "Marahaba, mjukuu wangu. Hujambo?"

Ghala zima lilicheka. Mimi sikucheka, na Mteuzi pia hakucheka.

"Kijana ana adabu sana," aliniambia. "Bondia bado sijamwona. Nitapita tena baada ya miezi miwili, kwa kuwa nafasi moja iko wazi."

Nilimkalisha Msengi kwenye benchi. "Ulikuwa unafikiria nini?"

"Sikufikiria kitu, Mwalimu. Nilimwona mzee."

Niliyaandika maneno hayo kama alivyoyasema, na jioni nzima nikawa nayo. Huyu kijana ambaye mkono wake ulisubiri kichwa kiuruhusu, alikuwa na jambo moja alilolifanya haraka kuliko ngumi. Na hakuzaliwa nalo. Mama yake alikuwa amemfundisha, kila asubuhi, tangu alipojua kusimama. Hakuwahi kumwambia afikiri. Alimrudisha mlangoni aingie upya na kusalimia upya, mpaka salamu ikawa inatoka yenyewe. Yule mama alikuwa mwalimu bora kuliko mimi na Sajini.

Kesho yake niliacha namba. Nilifunga kamba kutoka ukuta hadi ukuta, usawa wa mabega, na Msengi akawa anapita chini yake, kushoto, kulia, bila kuinamisha macho. Hiyo ndiyo dawa ya ngumi ya pembeni: unapita chini yake na kutokea upande wa pili. Wiki tatu tulifanya hilo tu. Kisha nikaongeza sharti ambalo Rajabu alililalamikia sana: wakati wa sparingi Msengi anitajie ng'ombe wa kwao, mmoja mmoja, kwa rangi na tabia.

"Yupo mwekundu, mkali," Msengi alisema, akikwepa. "Yupo mweusi mwenye baka kifuani. Ndama wake anapenda…"

"Mwalimu, mimi nimekuja kupigana au kununua?" Rajabu aliuliza, akatupa ngumi.

Msengi aliponyamaza, nilijua amerudi kufikiri, na mara nyingi ngumi ilimpata katika kimya hicho. Alipoendelea kutaja, nilijua kazi imehamia miguuni. Mwezi ulipokwisha, alitaja zizi lote na la jirani.

Ilibaki shikamoo. Niliwaomba wazee wa jirani wawe wanaingia ghalani wakati wowote, na nikamwamuru Msengi asiwajibu wala kuwasalimia. Habari ikafika Kinyangiri. Mama yake alikuja kwa basi la asubuhi, akanikuta nyumbani nanywa chai.

"Mwalimu, nasikia unamfundisha mwanangu kupita wakubwa kama anapita miti."

"Ni ndani ya ulingo tu, mama."

"Kwani ndani ya ulingo anakuwa mtoto wa nani?" Alikaa, akakubali chai, lakini hakulegea. "Nilikuletea mtoto mwenye adabu. Apigwe, asipigwe, hilo lako. Adabu nataka nirudishiwe kama nilivyoileta."

Nilimwongezea chai. Kisha nikamuuliza kama anaweza kubaki wiki moja.

Alibaki mbili. Kazi yake ilikuwa kuingia mlangoni. Msengi alitakiwa kumwamkia bila mikono kushuka na bila miguu kusimama. Meno yakiwa na kinga, salamu ilitoka imeviringika, na mama hakuikubali. "Sijasikia!" alisema, akatoka, akaingia tena. Rajabu alisema hajawahi kuona mwalimu mkali kama huyu, na kwamba safari hii yeye ndiye anayepigwa.

Mteuzi alirudi siku ya upepo mkali. Raundi ya pili mlango ukafunguka nyuma ya Rajabu, kama mara ya kwanza. Rajabu hakumhurumia mwenzake, akatupa tatu ileile, kwa nguvu zote. Msengi akapita chini yake kama anapita chini ya kamba, akatokea upande wa pili, na mkono wake wa nyuma ukamkalisha Rajabu sakafuni.

"Huyu ndiye bondia niliyemfuata," Mteuzi alisema. Nafasi ikawa ya Msengi.

Alipigania mkoa misimu kadhaa. Sasa ana ng'ombe wake Kinyangiri na anafundisha vijana kwa kamba na kwa kutaja mifugo. Mimi nimestaafu, nina kuku na bustani ya vitunguu, na mwili hauniumi sana. Najua kwamba kufikiri kuna mahali pake, napo ni kabla ya kengele na baada yake. Wakati wa ngumi yenyewe, mtu hutoa alichowekewa.

Jambo moja bado linatugawa: kama Msengi alimwamkia Mteuzi siku ile ya upepo. Mama yake anasema alikuwa amesimama nje ya mlango, na alisikia shikamoo kabla ya ngumi. Rajabu, ambaye sikio lake lilikuwa karibu zaidi, anaapa hakusikia neno. Mteuzi aliitikia "marahaba", hilo nililisikia, ila yeye aliitikia marahaba kila alipoingia popote. Kuna kijana alirekodi kwa simu. Msengi amegeuza mgongo, na sauti yote ni upepo kwenye mabati.

Msengi mwenyewe nimemuuliza mara nyingi. "Mwalimu, sikumbuki kitu," husema. "Wala ngumi siikumbuki."

Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Juzi nilitafuta daftari la siku hiyo. Miguu yake nimeieleza vizuri, ukurasa mzima. Kuhusu mdomo wake sikuandika kitu.