Kishingo Aliyebaki

Kuku wakiwa kumi na tisa, hakuna anayewatazama. Akibaki mmoja, nyumba nzima humtazama yeye.

Aliyebaki alikuwa Kishingo, mtetea mwekundu mwenye shingo isiyo na manyoya. Kideri, ule ugonjwa wa kuku, kilipita bandani kikazoa wenzake wote, yeye kikamwachia shingo iliyopinda upande, hata kila alipokutazama ungedhani anakuuliza jambo. Bi Chapa alikuwa amechoka kuulizwa. Alimwagia pumba, akambadilishia maji, akarudi kwenye kiti chake cha plastiki mlangoni pa jiko, mikono juu ya mapaja. Mikono hiyo ilipiga chapa barua za ofisi miaka thelathini na miwili, na mabosi walikuwa wakitia saini bila kusoma kwanza, kwa kuwa ukurasa wake haukuwa na kosa. Jina la Bi Chapa lilitoka huko, na mtaa ukalichukua.

Marehemu mumewe alikuwa mpima ardhi. Majirani wakigombania mpaka, yeye akija na kamba na vigingi vyake ugomvi uliishia hapo, maana kipimo chake hakikurudiwa. Alipoondoka aliacha nyumba ya vyumba vitatu na jina. Nyumba ilivuja. Jina, Bi Chapa alihakikisha halivuji.

Binti yao, muuguzi, aliyekuwa akirudi kutoka zamu na miguu imevimba kama maandazi, alishamaliza shauri la Kishingo kwa upande wake. Kuku mmoja si mfugo, alisema, ni mgeni asiyeaga. Achinjwe, banda livunjwe, pale pafungwe kamba ya kuanikia nguo. Mama yake akajibu kwamba kuku aliyeugua haliwi. Basi auzwe. Kuku wa nyumba ya msiba hauzwi. Basi apewe mtu. Hapo Bi Chapa aliinuka akaenda kuosha kikombe kilichokuwa safi.

Kumpa mtu ndiko kulikomtia mashakani. Miezi mitatu nyuma alikuwa amemwahidi Mama Pacha, fundi cherehani wa nyumba ya pili, mtetea mmoja kwa wema wa kumshonea mapazia. Siku ya ahadi, asubuhi, alikuta kuku mmoja amekufa bandani, mdomo wazi, kinyesi cha kijani. Alimzika nyuma ya bafu kabla majirani hawajafungua milango. Mchana akabeba mtetea wa ahadi chini ya kwapa, akampeleka. Ahadi ni deni, alijiambia. Lakini alijua kwamba kutompeleka kungemlazimu kueleza kwa nini, na kueleza ni kukiri kwamba kwa Bi Chapa, mwenye banda linalofagiliwa mara mbili kwa siku, kuku wanakufa.

Wiki mbili baadaye banda lake lilikuwa tupu, isipokuwa Kishingo. La Mama Pacha lilikuwa tupu kabisa. Mama Pacha ndiye aliyekuja kumpa pole, akasema ugonjwa huu huletwa na upepo. Bi Chapa akaitikia kwamba ndiyo, upepo.

Sasa Kishingo alikuwa ameanza kulalia. Hakuwa na yai hata moja. Alilalia nyasi kavu, amejitandaza, na ukimsogelea anavimba na kunguruma kama mke mwenza. Mama Pacha alichungulia juu ya ukuta, akamwona, akacheka. Jioni hiyo alikuja na beseni lenye pumba, ndani yake mayai kumi ya mbegu nzuri kutoka kwa kaka yake.

"Naomba uniazime huyo bibi yako, dada," alisema. "Anapoteza joto bure. Akinitotolea, vifaranga viwili vyako."

Bi Chapa alimwambia atamjibu kesho. Mama Pacha alishangaa kidogo, maana kuazima kuku anayelalia hakuhitaji kikao, ila akasema haya, mayai yanaweza kungoja siku mbili tatu.

Binti alisikiliza habari yote, ya mtetea wa mapazia na ya kaburi la nyuma ya bafu, huku ameloweka miguu kwenye maji ya chumvi. Hakumlaumu mama yake. Alisema jambo ni jepesi: kuku aliyepona huenda bado amebeba ugonjwa, kwa hiyo asiende popote. Wamchinje asubuhi, wamzike, waseme amekufa. Vifaranga vya Mama Pacha vitasalimika, na jina la baba litabaki lilivyo.

"Hakuna atakayedhurika, Mama," alisema. "Hata wewe."

Bi Chapa hakuona kasoro kwenye hesabu hiyo. Alfajiri akainjika maji ya kumnyonyolea manyoya, kwa mazoea tu, kisha akakumbuka kwamba kuku wa kuzikwa hanyonyolewi. Aliyaacha jikoni. Akanoa kisu, akaingia bandani, akamwinua Kishingo kwenye nyasi zake. Tumboni alikuwa wa moto kama pasi. Hakupiga kelele. Alipinda shingo yake akamtazama.

Si huruma iliyomzuia. Kuku alishachinja wengi. Alifikiria kwamba akitoka hapo atakwenda kwa Mama Pacha kusema amekufa, Mama Pacha atampa pole kwa mara ya pili, naye ataipokea. Uongo wa kwanza alikuwa na nguvu za kuubeba. Huu wa pili aliupima akaona haubebeki. Akamrudisha kuku kwenye nyasi, akaweka kisu juu ya tofali, akatoka na kanga yake ile ile ya jikoni, kitu ambacho mtaa haukuwahi kukiona.

Mama Pacha alikuwa kwenye cherehani, anashona kola za sare za shule. Bi Chapa hakuketi. Alisema yote akiwa amesimama, kwa mpangilio, kama mtu anayesoma barua aliyoipiga chapa: asubuhi alizika mmoja, mchana akaleta mwingine. Mama Pacha hakusimamisha mguu mpaka mshono ulipofika mwisho. Akakata uzi kwa meno.

"Siku ile ile?"

"Siku ile ile."

"Ungeniambia hata jioni, ningemtenga."

"Najua."

Mama Pacha akageuza kola, akaitazama kana kwamba imeshonwa na mtu mwingine. Wake walikuwa kumi na mmoja, alisema, na mmoja wa wanawe pacha alimlilia jogoo wiki nzima, hali chakula. Kisha akacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha.

"Kumbe na wewe ni mtu, Bi Chapa. Sisi tulidhani wewe ni muhuri."

Bi Chapa aliipokea kauli hiyo. Akasema mayai asimpe Kishingo, na kama bado anamtaka, basi kwanza amuulize daktari wa mifugo juu ya chanjo, yeye Bi Chapa atamwita.

"Nitamwita mwenyewe," alisema Mama Pacha, akivuta kola nyingine. "Si kwamba sikuamini, dada."

Bi Chapa alirudi nyumbani polepole. Hatua zilikuwa thelathini na moja tu toka mlango hadi mlango. Marehemu aliwahi kuzihesabu. Katika nyumba hii leo, kwa mara ya kwanza, kipimo kilikuwa kinarudiwa, na Mama Pacha, wa kukirudia, alikuwa na haki.

Binti alikuwa mlangoni, sare ya kazi mwilini, anatazama kisu kilichobaki juu ya tofali, kikavu.

"Kwa hiyo?"

"Kishingo anamsubiri daktari," alisema Bi Chapa, akajiachia kwenye kiti chake. Bandani Kishingo alikuwa amekwisha kujitandaza tena juu ya nyasi zisizo na kitu. "Hayo maji yamechemka. Tia majani ya chai."