Nyumba ya Nyuma ya Migomba

"Hiyo picha tutaiona lini?"

Mama mmoja aliniuliza hivyo mbele ya nyumba yake, ndani kidogo kutoka barabara ya Mikumi kwenda Kilosa, asubuhi ambayo mgambo walikuja kuwahamishia watu kwenye kijiji cha ujamaa.

"Sijui, mama," nilisema.

"Msomi mzima, hujui?"

Kweli sikujua. Filamu zetu zilisafishwa ng'ambo, na zikirudi zilikatwa na kuungwa na wengine. Nilikuwa mwanamke pekee katika ofisi ya filamu ya serikali. Niliajiriwa kuandika maneno ya kusomwa juu ya picha, lakini nilitaka kamera. Mwaka mzima nilimsumbua mkuu wetu: kwa nini kila filamu wanawake wanapiga vigelegele? Nani aliwauliza kama wamefurahi?

"Chuo kimekuharibu, dada," alikuwa akinijibu. Asubuhi ile nadhani alichoka. Alinipa kamera ndogo, ile ya kutiwa ufunguo kama saa. "Haya, kapige unachotaka. Filamu nimeshaweka. Usiifungue, mwanga utaiunguza."

Dereva wetu akaangua kicheko. "Mama kamera! Ukichoka mbebe mgongoni, mtoto wako huyo."

"Nikichoka nitakubebesha wewe."

Mkuu akaondoka na kamera kubwa kwenda kijiji kipya, ambako akina mama walishapangwa mstari waimbe. Mimi nikamwamkia yule mama mwenye nyumba.

"Marahaba, mwanangu. Na wewe umekuja kutuhamisha?"

"Nimekuja kupiga picha."

"Basi piga nyumba. Piga na kaburi la mume wangu, lile nyuma ya migomba. Huko tunakopelekwa hakuna anayemjua. Wajukuu watataka kujua tulitoka wapi."

Akajifunga kanga upya, akasimama kando ya kaburi, wima, bila kutabasamu. Nikapiga kaburi, mlango, jiwe la kusagia. Kamera ililia kwa wepesi nisiouzoea. Nikadhani ndivyo kamera ndogo zilivyo. Mgambo walipopanda kuezua paa, ili mtu asirudi kulala pale, niliwapiga na wao.

"We binti, hiyo usipige!" mmoja akafoka kutoka juu.

Niliendelea hadi ufunguo ukaisha. Ndipo mama yule, ameketi juu ya magodoro yake ndani ya lori, akaniuliza swali lile.

Baada ya miezi kadhaa filamu zikarudi. Ya mkuu ilitoka safi, vigelegele vyote vimo. Yangu, alisema, imeungua.

"Nilikuonya usifungue."

"Sikufungua."

"Basi imejifungua yenyewe."

Nikaomba nione hata hiyo iliyoungua. Imetupwa, akasema. Ofisi nzima ikaniita Mpiga Giza, na kamera sikushika tena. Nilirudi kwenye meza yangu nikaandika, juu ya picha zake, kwamba akina mama walikipokea kijiji kipya kwa shangwe. Mwaka uliofuata niliacha kazi. Niliposikia kwamba mama yule amefariki kijijini huko, alikuwa ameshazikwa, mbali na migomba yake.

Miaka mingi baadaye nilikutana na dereva wetu kituoni Dumila, mzee tayari, akiuza vitunguu. Tulicheka sana kwanza. Kisha akaacha kucheka, akaniambia kwamba asubuhi ile kamera yangu haikuwa na filamu ndani. Filamu zilikuwa chache, na mkuu alikuwa amemwambia hawezi kumpa binti azichezee.