Siku Niliyowafuturisha Watu Jua Likiwaka

Shule niliacha darasa la tano. Nikabeba mizigo bandarini Tanga, nikaja London na begi moja, na leo nina godauni langu Barking, malori mawili, na kontena linaloondoka kila mwezi kwenda Dar. Mahesabu ya ushuru nayafanya kichwani kabla vijana wenye digrii hawajafungua kompyuta. Kwa hiyo nikisema kwamba sijawahi kushtuka maishani kama nilivyoshtushwa na mtoto wa miaka tisa aliyeshika tende, sisemi kwa mzaha.

Kila Ramadhani, Jumapili moja, nafuturisha watu godauni. Natandika mikeka katikati ya mapipa na maboksi, mke wangu anapika mihogo ya nazi na uji wa pilipili manga, na watu wanatoka mbali, wengine wanabadilisha treni mara mbili. Sheria yangu ni moja tu: simu zote zinaingia kwenye boksi mlangoni. Watu wa mji huu wamesahau kutazamana usoni. Mlango wa chuma nauteremsha mpaka chini kwa sababu ya upepo, na godauni halina dirisha, ila kioo kidogo cha juu chooni.

Mwaka ule mambo mawili yaligongana. La kwanza, binti yangu wa mwisho alikuwa anafunga kutwa nzima kwa mara ya kwanza. Kwetu jambo hilo si dogo. Mtoto anavalishwa nguo mpya, anaketishwa mbele, na wakubwa wanamtunza pesa. Alikuwa amejaribu mara mbili wiki zile, na mara zote mbili alishindwa mchana, akalia chumbani. Siku hiyo aliapa kwamba atafika. La pili, ilikuwa ndiyo ile Jumapili ya Machi Waingereza wanapozisogeza saa zote za nchi mbele kwa saa moja, ili jioni za kiangazi ziwe ndefu.

Asubuhi nilipanda ngazi mwenyewe, nikaisogeza saa kubwa ya ukutani. Chini yake ilining'inia ratiba yangu ya kufuturu, niliyoiandika kwenye kadibodi kwa kalamu nene ya maboksi. Ya msikitini niliinakili wiki ya kwanza tu. Nikaona mwendo wake, kila jioni jua linachelewa kama dakika mbili kasoro, basi mwezi uliobaki nikaumaliza kwa akili yangu. Nilijitapa kwa kila mteja aliyeingia kwamba mimi karatasi ya mtu siihitaji. Na kweli, haikuwa imekosea hata siku moja.

Saa niliisogeza. Kadibodi sikuigusa.

Jioni watu walipokwisha keti, wakaanza ugomvi wa kila mwaka kuhusu hizi saa. Rafiki yangu mmoja, Mzanzibari anayeendesha basi, alikuwa anafurahi.

"Mimi waniongezee hata saa mbili," alisema. "Miezi mitano naingia kazini giza, natoka giza. Sasa nitamwona mke wangu alivyo!"

"Na yeye atakuona wewe, maskini," mke wangu akamjibu, watu wakacheka. Yeye anatunza wazee majumbani, na saa hizi hazipendi hata kidogo. "Bibi mmoja ninayemtunza akili imeshamchanganyikia. Kesho nitamfikia na chai, yeye kwake bado usiku. Atanifukuza kama mwizi. Wiki mbili nzima atakuwa ananifukuza. Nani anamfikiria yule?"

Mzee mmoja wa Kihindi, mzaliwa wa Kariakoo, mwenye duka la viungo kule Kingsbury, alitikisa kichwa. "Arobaini mwaka niko hapa, bado shangaa. Mungu napanga siku, hawa nakata kama kitambaa!"

"Wafute tu," nikasema mimi. "Mtu mwenye akili saa iko kichwani." Nikatazama ukutani, nikatazama kadibodi. Saa kumi na mbili na nusu. Nikasimama nikaadhini.

Mke wangu alikunja uso. "Baba watoto, mbona leo mapema? Njaa hata haijanikamata."

"Si wamekuibia saa nzima usingizini? Lazima siku uione fupi."

Jibu lilinoga. Watu wakasema bismillahi. Nikanywa uji, nikatafuna kaimati mbili, ndipo nikamwona binti yangu. Amekaa na gauni lake jipya, tende mkononi, midomo imemkauka imekuwa myeupe.

"Kula, mama. Umeshinda!"

Akatikisa kichwa.

"Kula, watu wote wanakungoja wewe."

Akanijibu kwa Kiingereza chake, kwa sauti ndogo, kwamba ametoka chooni sasa hivi, na kwenye kile kioo cha juu jua bado lipo.

"Hiyo ni taa ya barabarani," nikasema. Nilisema kwa ukali kidogo, kwa sababu watu walikuwa wanasikiliza. "Baba yako hakosei saa. Weka mdomoni."

Machozi yakamjaa. Tende haikuondoka mkononi. Dereva wa basi akainuka, akaenda mlangoni, akauvuta mnyororo.

Mlango ulipanda, na jua likaingia. Si mwanga wa mabaki, jua lenyewe, la manjano, lilipita juu ya mapaa ya jirani likatupiga usoni. Nilimwona mzee wa Kingsbury amebaki na kijiko hewani. Mke wangu ameziba mdomo kwa kanga. Watu zaidi ya thelathini, chakula kinywani, na hakuna aliyejua ateme au ameze. Nikakaa juu ya pipa.

"Tajiri," dereva alisema polepole, simu yake ameshaitoa kwenye boksi, "magharibi bado saa nzima."

Hakuna aliyenitukana, na hilo ndilo lililoniumiza. Walitema, wakasukutua, wakafunika sahani. Wote tulijua siku ile tutailipa kwa kufunga siku nyingine. Mzee pekee alinipiga bega na kusema, "Kichwa yako pia nataka sogeza mbele, kijana."

Binti yangu alitoka akakaa kwenye ngazi ya kupakilia mizigo. Nikamfuata. Saa ile moja ndiyo ndefu kuliko zote nilizokaa Uingereza. Nilikuwa nikimtazama mkono, tende imeanza kumnatanata vidoleni, nikafikiri: kidogo tu. Ningepandisha sauti mara moja zaidi, angekula, kwa sababu mimi ni baba yake.

Mwishowe akaniuliza kama funga yangu mimi imehesabiwa.

"Haikuhesabiwa," nikamwambia. "Humo ndani mote, iliyohesabiwa ni ya kwako peke yako."

Jua likazama nyuma ya mapaa. Watu wakatoka mmoja mmoja wakasimama nyuma yetu. Nikafungua mdomo nimwambie tayari, lakini yeye alikuwa ameshageuka, anamtazama dereva. Dereva akaangalia simu, akaangalia mbingu, akamwitikia kwa kichwa.

Ndipo akala. Mimi hakuniuliza.