Darubini ya Kumwindia Mbweha

Kwenye basi la Barking, huku ughaibuni, nyuma yangu, Mtanzania mmoja alikuwa akimsimulia mwenzake alivyonunua darubini ya kuwindia gizani, ile inayoonyesha chochote chenye joto, amkomeshe mbweha anayemmalizia kuku bustanini.

"Usiku wa kwanza tu nikamwona. Katulia, analishwa minofu, anaambiwa, 'Kula, baba.'"

"Na nani?"

Akashusha sauti. "Mama mkwe. Kajifunga kanga moja tu."

"Si umwambie aache!"

"Nimwambie nilimwonaje?"

Mwenzake akajishika mdomo.

"Sasa?"

"Darubini nimeuza. Minofu ya kumlisha mbweha nanunua mimi."

Wauza darubini wanajisifu kwamba mbweha hana tena pa kujificha. Mbweha huyu kapata: nyuma ya kanga ya mama mkwe.