Siku za Kuhesabu Watu Korongoni

Nimeishi miji mingi tangu nitoke Uluguru, na mara kwa mara hukuta mtu amekaa kando ya barabara na ubao wa kuandikia, anahesabu magari. Huwa nazunguka nipite mbali naye. Kazi hiyo niliwahi kuifanya, muda mfupi baada ya kumaliza kidato cha nne, kwenye barabara ya kupanda Mgeta. Sijafanya nyingine iliyonifanya nitazamwe vile na watu wa kwetu.

Barabara ile ilikuwa na kipande kinachopita korongoni. Upande mmoja jabali, upande wa pili mto chini kabisa, na katikati nafasi ya gari moja. Zamani haikuwa taabu. Magari yalipanda asubuhi na kushuka mchana, na la mwisho kupanda lilifungwa jani la mgomba mbele, ili waliokuwa wakisubiri juu wajue njia ni nyeupe. Kisha likaja soko huria. Wanunuzi wakaanza kupanda kutoka Dar es Salaam na kwingineko, kila mmoja na lori lake na haraka yake, na hakuna aliyejua habari za jani. Malori yakawa yanakutana katikati ya korongo, hakuna anayekubali kurudi nyuma, mboga zikinyauka juani. Mama yangu alilima letasi. Letasi haivumilii.

Ndiyo maana aliposikia kuna mhandisi anayetaka kupanua kipande kile na kuweka sehemu za kupishania, yeye ndiye aliyenituma nikaombe kazi. Mhandisi hakunificha. Barabara zilizoombewa matengenezo zilikuwa nyingi na fungu lilikuwa dogo. Itakayoonekana ina watu na magari mengi ndiyo itakayotengenezwa. Akanipa kigoda, penseli na fomu. Lori, pikapu, baiskeli, mtu mwenye mzigo, kila kimoja na safu yake. Kinachopita, kijiti kimoja. Kijiti cha tano kinalala juu ya vinne.

Siku ya kwanza watu walipita kama kawaida, ila macho yao yalikuwa mkononi mwangu. Mama mmoja mwenye tenga la karoti alisimama. Nikamwamkia.

"Marahaba. Umeniandika?"

"Nimeweka kijiti tu, mama."

"Changu kipi?"

Nikamwonyesha. Akakikagua. "Na mume wangu umemweka wapi?"

"Hajapita."

"Atapitaje, yuko kilabuni. Muweke huyo. Ndiye anayekimbia kodi."

Waliokuwa nyuma yake wakacheka, lakini baada ya pale sikuona tena mtu akicheka. Neno kodi lilikuwa limeshatajwa.

Jioni mjomba alikuja nyumbani. Kwa Waluguru ardhi ni ya lukolo, yaani ukoo wa upande wa mama, na mjomba, kaka yake mama, ndiye aliyekuwa mkubwa wa lukolo letu. Shamba la mama lilikuwa la mama kwa sababu mjomba alimkatia, na angeweza kumpunguzia. La mjomba mwenyewe lilishuka hadi kwenye kona ya korongo, pale pale penye kutakiwa kupanuliwa.

"Mjomba," aliniambia, maana sisi huitana hivyo wote wawili, "hizo hesabu zinakwenda wapi?"

"Mjini, kwa mhandisi."

"Na zikitoka kwa mhandisi?"

Akavuta kigoda changu, akakaa.

"Wakoloni walikuja wakapima miteremko yetu, tukalimishwa matuta kwa nguvu. Wakaja wa ushirika wakahesabu kahawa, ushirika ukafa na kahawa yetu. Sasa wamefika kwa watu wenyewe. Nitajie mmoja aliyekuja hapa kuhesabu akaondoka ametuachia kitu."

"Huyu anataka kupanua barabara," mama alisema.

"Amekwambia atakula upande upi?"

Mama akarudi kwenye sufuria yake.

Siku ya soko iliyofuata nilikaa kwenye kigoda tangu alfajiri. Hakupita mtu. Nilidhani nimekosea siku. Jua lilipotoka vizuri nikaona ng'ambo ya mto, kwenye njia ya miguu iliyoachiwa nyani tangu barabara ilipochongwa, mstari wa watu wakishuka na matenga kichwani. Njia ile ni ndefu kuliko barabara na mawe yake yanateleza. Malori nayo hayakupanda. Wanunuzi walikuwa wameambiwa wasubiri chini, darajani. Niliwatambua watu mmoja mmoja kwa kanga zao. Karibu na mwisho alikuwa mama. Alijua namwona. Hakugeuza shingo.

Usiku wake alikuwa akikanda kifundo cha mguu. "Uliniona?"

"Nilikuona."

"Umeniandika?"

"Fomu inasema barabarani."

"Ningepita barabarani peke yangu, kesho mjomba wako angekuja na kamba kupima shamba." Akaendelea kukanda. "Baba, penseli si unayo wewe?"

Sikuandika. Huwa nasema ni uaminifu, lakini mwenyewe siuamini sana. Nilikuwa na wasiwasi kwamba mhandisi ameweka mtu mwingine mahali fulani, ananihesabu mimi.

Siku zote za soko zilikwenda hivyo. Mhandisi alipokuja kuchukua fomu alizifunua mara mbili.

"Ulikuwa unalala?"

"Hapana, mzee. Walipita kule."

Nikamwonyesha ng'ambo. Haikuwa siku ya soko. Kulikuwa na nyani wawili, wanatafuta chawa.

"Kila ninakokwenda naambiwa watu wamepita kule," alisema, akazikunja fomu.

Barabara ya kwetu haikuchaguliwa. Wiki ile habari ilipofika, mjomba alinikatia kipande cha shamba karibu na ile kona, bila kuombwa. Alisema kijana aliyemaliza shule anahitaji pa kuanzia. Mpaka leo sijui kama aliogopa kodi kwa ajili yetu sote, au alilinda kona yake akatufanya sisi tuibebe kichwani.

Watu wakarudi barabarani. Siku ya soko ya kwanza malori mawili yakakutana korongoni. Madereva walishuka.

"Rudi wewe, umebeba hewa."

"Hewa yangu ina ratiba. Rudi wewe."

Mama alikuwa juu ya lori la kushuka, amekalia magunia ya karoti, letasi zake amezifunika kanga iliyolowa. Mjomba alikaa mbele yake na kabichi zake. Kufikia adhuhuri kanga ilikuwa imekauka na letasi zimelala. Aliponiona nimesimama kwenye jabali, akasema kwa sauti ya kawaida, mjomba akisikia:

"Waandike sasa, baba. Wako wote hapa."

Mjomba akatazama mto.

Nilipita ubavuni mwa malori, nikashuka kwa miguu mpaka darajani, nikapata gari la mjini. Mwezi huohuo nilikuwa Dakawa, navuna mpunga wa watu. Kile kipande cha karibu na kona sikukitia jembe.