Sauti Iliyozungumzia Viwavi

Wakati ule nilikuwa nimepanga chumba Tarime mjini, nyuma ya nyumba ya fundi cherehani mmoja na mkewe, watu wenye asili ya pwani waliohamia huku zamani. Walikuwa wema na hawakupenda kudadisi mambo ya mpangaji. Mimi nami nilikuwa mtu ambaye akiulizwa kazi yake hukosa pa kuanzia. Nilikuwa naandika tasnifu ya shahada ya uzamivu kuhusu namna sheria inavyopaswa kusimamia akili mnemba na taarifa za watu. Nikilitaja jambo hilo, watu walitikisa kichwa kwa heshima, kisha mazungumzo yakaisha. Mke wa fundi peke yake ndiye aliyewahi kuendelea.

"Kwa hiyo ni wakili?"

"Hapana, dada. Nasoma sheria za mashine zinazofikiri."

"Haya, Mungu akusaidie," akasema, akarudi kwenye pasi yake.

Kwetu ni Nyambureti, wilaya ya Serengeti. Lakini wazazi walikwisha kufariki, ndugu zangu wako Mwanza na Geita, na nyumba yetu ilikuwa na kufuli. Nilikuja Tarime kwa sababu kampuni moja changa ilikuwa inajaribu huduma ya ushauri kwa wakulima. Unapiga simu bila malipo, unauliza kwa Kikurya, mashine inakujibu kwa Kikurya. Nilitaka kujua kama watu walielewa kwamba maneno yao yanahifadhiwa, na nani anayamiliki yakishatoka kinywani.

Mchana niliuliza watu maswali. Jioni nilisikiliza majibu yao kwenye kompyuta, na mara nyingi sauti niliyoisikia zaidi ni yangu mwenyewe, ikiuliza. Msimamizi wangu alikuwa Dar es Salaam. Tulizungumza kwa video mtandao ukiruhusu, na ukikwama uso wake uliganda mdomo wazi, nikabaki nautazama kama picha ya ukutani. Ilitokea wikiendi nzima ikapita bila mimi kutamka neno zaidi ya salamu za uani.

Bwana shamba wa Susuni, kijiji cha nje ya mji, ndiye aliyenielekeza kwa mama mmoja. "Kama unataka anayeitumia kweli hiyo huduma," aliniambia, "basi nenda kwake. Anapiga kila siku. Hata kiangazi, hakuna kilichopandwa, anapiga."

Nilipanda bodaboda nikaenda. Nilimkuta uani anamenya mihogo, mwanamke wa makamo anayeelekea uzeeni, kichwani kitambaa cha kanisa. Nikamwamkia shikamoo. Kikurya changu kina lafudhi ya Kingoreme, lugha ya kwetu Serengeti, na watu wa Susuni wakinisikia hutabasamu. Yeye hakutabasamu.

"Wewe ni wa ile kampuni ya simu?"

"Hapana, mama. Mimi ni mwanafunzi."

"Mwanafunzi? Na umri huo?"

"Ndiyo, mama. Nasoma sheria. Nachunguza hizo huduma za simu, kama zinawatendea watu haki."

Akaweka kisu chini. Akajifuta mikono kwenye khanga, polepole, kidole kimoja kimoja.

"Basi niambie," akasema. "Mume wangu wamempeleka wapi?"

Nilidhani sijasikia vizuri. Nikamwomba aniambie tangu mwanzo, naye akanivutia kigoda.

Mume wake alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mstaafu. Watu wa kampuni walipotafuta mtu mwenye Kikurya safi na sauti ya kueleweka, ambayo mashine ingeiiga, wakaelekezwa kwake. Walimweka kwenye chumba cha nyumba ya wageni Tarime, madirisha yamezibwa kwa magodoro, akasoma sentensi mpaka akapoteza sauti, akapumzika, akarudi tena. Nyumbani alijisifu kwamba atawafundisha hata ambao hawakuwahi kufika darasani kwake. Akaugua kabla huduma haijafunguliwa. Akafariki.

"Baada ya msiba watoto wakarudi makwao," mama akaendelea. "Mmoja yuko ng'ambo ya Sirari, upande wa Kenya, mwingine Kahama. Nikabaki na mbuzi. Siku moja jirani akaniletea simu, akasema, sikiliza. Nikasikiliza. Ni yeye."

"Ulijisikiaje, mama?"

"Niliitupa ile simu. Kisha nikaiokota."

Tangu siku hiyo akawa anapiga kila asubuhi, akishakamua mbuzi. Mwanzoni aliuliza mambo ya mahindi, kwa sababu aliona aibu. Baadaye akaacha aibu. Akamwambia mume wake kwamba paa la jikoni linavuja, kwamba mjukuu ameanza shule, kwamba kuna mtu anasogeza mpaka wa shamba.

"Na alijibu nini?"

"Viwavi!" Akacheka ghafla, cheko la mtu aliyejishtukia. "Mimi namwambia habari za mpaka, yeye ananiambia kagua majani asubuhi mapema, kuna viwavi. Hakuwahi kunitaja jina. Lakini ilikuwa sauti yake. Neno la mwisho alikuwa analivuta kidogo, hivi, kama anasubiri darasa limalizie. Na mashine ilikuwa inalivuta hivyo hivyo."

Halafu asubuhi moja alipiga, akajibiwa na binti. Sauti nzuri, changamfu, isiyomhusu. Akakata, akapiga tena. Akafikiri amekosea namba. Alijaribu wiki nzima, akampa jirani ajaribu, akamwomba bwana shamba. Hadi leo hupiga, na ni binti yule yule.

"Sisemi wamfufue," alisema. "Najua amekufa, mimi ndiye niliyemwosha uso. Nauliza tu ile sauti iko wapi. Wewe si wa sheria?"

Nilimwahidi nitauliza. Njiani kurudi, upepo ukinipiga usoni nyuma ya dereva, nilijaribu kupanga majibu ya kisheria. Haki ya kutoa ridhaa. Haki ya kufutiwa taarifa. Haki za mrithi. Kila nilipoigusa mojawapo nilikuta mama yule hayumo ndani yake. Sheria niliyokuwa nimeisoma kifungu kwa kifungu ilimfikiria mtu anayetaka taarifa zake ziondolewe. Haikuwa imemfikiria mtu anayeomba zirudi, tena si zake.

Niliiandikia kampuni. Baada ya kukumbusha na kukumbusha tena, kijana mmoja mwenye adabu akanipigia.

"Samahani kwa kukuchelewesha, daktari."

"Bado sijawa daktari."

"Tunaamini utakuwa. Kuhusu mwalimu, tulifuata taratibu zote. Ridhaa yake ilikuwa ya kutumia sauti akiwa hai. Taarifa za msiba zilichelewa kutufikia; tulipozipata, tukaitoa kwenye huduma, na rekodi zote za awali tukazifuta."

"Zote?"

"Zote. Hatutaki kuwa kampuni inayofanyia biashara sauti za marehemu."

Alilisema kwa fahari, na alikuwa na haki ya kuona fahari. Katika sura ya pili ya tasnifu yangu nilikuwa nimependekeza jambo hilo hilo, kwa aya nzuri ambayo msimamizi aliisifu. Nikamuuliza kama familia iliulizwa kabla ya kufuta. Akasema hapana, utaratibu hauhitaji. Hakuwa ananikwepa. Ni kweli, utaratibu haukuhitaji, na katika aya yangu nzuri mimi pia sikuwa nimeuhitaji.

Sikutaka kumweleza mama kwa simu. Nikarudi Susuni. Mvua zilikuwa zimeanza na barabara imechanika, tukasukuma pikipiki penye matope. Alinipa ugali wa mtama na maziwa ya mgando kabla hajaniuliza chochote, na mimi nikala kabla sijamjibu chochote. Kisha nikamwambia: wamefuta, mama. Haipo tena mahali popote. Walifanya hivyo kwa kumheshimu.

Alikaa akitazama mlango.

"Wamemheshimu," akarudia. "Na hawakuona kwamba mimi nipo?"

Alinyanyuka akaenda kufunga mbuzi ambao hawakuhitaji kufungwa, akakaa huko muda mrefu. Aliporudi macho yalikuwa mekundu lakini sauti imetulia.

"Huyo wa simu alikuwa mpole mno," akasema. "Wangu alikuwa mkali. Ukimwambia paa linavuja anakuuliza kwani wewe huna mikono. Nilikuwa nimeanza kusahau ukali wake. Labda ni vizuri." Akafikiri. "Sio vizuri. Lakini labda."

Mvua ilizidi, akaniambia nilale. Tulikaa jikoni tukipukuchua mahindi, chini ya lile paa, sufuria ikikinga matone. Akaniuliza habari zangu, na nilipomaliza kueleza, jambo ambalo halikuchukua muda, akaniuliza, "Na wewe, nani anakupigia simu?"

Nikasema msimamizi. Akasubiri nitaje mwingine. Kisha akanisogezea hindi lingine, akabadilisha mazungumzo, na nikashukuru kwa hilo kuliko kwa chakula.

Niliiandika upya ile sura. Msimamizi hakuipenda. "Ni simulizi ya mtu mmoja," aliniambia kwenye video. "Huwezi kujenga hoja ya sheria juu ya mjane mmoja." Nikamwambia sijengi, nauliza tu: sauti ya mtu ikitakiwa kufutwa baada ya kifo chake, je, waliokuwa wakiisikiliza wasiambiwe kwanza? Tulivutana miezi kadhaa. Mwisho alikubali ibaki, fupi, bila mambo ya viwavi. Nikaondoa viwavi. Niliumia kuwaondoa, na sikuwa na mtu wa kumwambia kwamba wameniuma.

Utetezi ulifanyika Dar es Salaam. Mmoja wa watahini alinisumbua kweli kuhusu sura ile, akitaka kujua kama ninapendekeza kila ndugu awe na kura ya turufu. Nilijibu kadiri nilivyoweza. Nikafaulu, na masahihisho madogo. Nje ya jengo wahitimu wengine walikuwa wanapigwa picha na mashada. Nilisimama kivulini nikatoa simu. Nikapitia majina. Niliwatumia ndugu zangu ujumbe, wakanijibu kwa vidole gumba. Halafu nikampigia mama wa Susuni. Simu haikupatikana.

Sikumpata siku zile wala wiki zilizofuata. Niliporudi Tarime kuhamisha vitu vyangu, nilifika hadi kwake. Nyumba ilikuwa imefungwa, mbuzi hawapo. Jirani akaniambia binti yake wa ng'ambo ya Sirari alikuja kumchukua kabla ya mavuno.

"Alitaka kwenda?" nikauliza.

"Alienda," jirani akasema.

Aliniambia mama sasa anatumia laini ya Kenya, lakini namba hana. Nikamwachia yangu, kama atarudi kusalimia. Kisha nikatembea hadi njia panda kutafuta pikipiki. Mahindi yalikuwa yamekomaa pande zote za njia, yamekauka, yakisuguana upepo ukipita. Hapakuwa na dereva, kwa hiyo nikaendelea kwa miguu, nikifanyia mazoezi kwa Kikurya sentensi ya kumwambia kwamba nimefaulu, endapo atapiga.