Hakimu Aliyezuiwa Kutuhukumu

Katika miaka ya hamsini mume wangu alikuwa fundi cherehani hapa Gisenyi, na nyumba tuliyokaa aliijenga baba yake. Mwaka mmoja mfanyabiashara fulani akadai kiwanja ni chake. Hakimu wa mahakama ya chifu alikuwa shemeji wa huyo mfanyabiashara. Mume wangu alipomwomba ajitoe kwenye kesi, hakimu alicheka tu, akapanga siku ya hukumu. Kesi haijaamuliwa, vibarua wakaja kupima ukuta wetu kwa kamba na kuutia alama za chokaa.

Siku mbili baadaye karani wa hakimu alipita dukani kwetu mchana, akijifanya anatafuta vifungo vya shati.

"Mama, musingojee hukumu," aliniambia bila kuinua macho. "Mukikata rufaa kisha, nyumba itakuwa imeshavunjwa. Muandikie mahakama ya juu sasa, muombe hakimu azuiwe. Inawezekana."

Mume wangu hakuamini. "Mutu anakula kwa hakimu, leo atusaidie sisi? Iko mutego. Tukiandika watasema tumetukana mahakama."

Mimi pia nilishuku. Nilimwona karani akizungumza na yule mfanyabiashara mlangoni pa mahakama, nikarudi nyumbani. Lakini ile chokaa tuliiona kila asubuhi. Mwishowe tukaandika wenyewe, karani asione hata mstari mmoja. Posta nayo hatukuiamini, barua tukampa dereva wa lori aliyekuwa akienda Nyanza, iliko mahakama ya juu.

Siku ya hukumu, amri ilikuwa imefika. Hakimu aachie faili, asiguse kiwanja, kesi asikilize mwingine. Aliisoma mara mbili mbele ya watu, kisha akauinamia muhuri kama mtu anayechunguza noti bandia. Hakimu mpya aliwaita majirani wote wazee, akawasikiliza, akatuachia nyumba.

Mwezi haukwisha, karani akahamishiwa Bugeshi, kwenye baridi. Alikuja kutuaga. Mume wangu hakuacha kukanyaga cherehani. Mimi nikamuuliza kwa nini alitusaidia.

"Hukumu zake zote ni mi nilikuwa naziandika, mama," akasema.

Alipokwisha kwenda, mume wangu aliniambia nifunge mlango. Mpaka anazeeka alishikilia kwamba yule mtu alikuwa na jambo lake. Sikumbishia, ila najuta hatukumpa hata kikombe cha chai.